Juu ya Lango la Kuanzia: Je, Kuanza Sawasawa Kwatosha Kuwa Haki?

Katika mambo ya wanadamu liko swali lionekanalo dogo, lakini mizizi yake ni mirefu: Haki ya shindano yapimwa wapi, mwanzoni au mwishoni? Watu wengi hutazama mwisho tu. Huuliza, Nani ameshinda? Huyo aliyeshinda husifiwa, na aliyeshindwa huambiwa anyamaze. Ni wachache waulizao, Walianzaje? Mwezi huu twapenda kulitafakari swali hilo pamoja nanyi, wasomaji wetu, kwa kutazama kitu kimoja ambacho wengi wetu hatujakiona kwa macho, yaani lango la kuanzia, litumikalo katika mashindano ya farasi na katika mchezo wa kuteleza juu ya theluji.

Hatuandiki ili kuisifu kamari ifuatanayo na mbio za farasi; madhara yake katika nyumba za watu yajulikana. Twaandika kwa sababu wale waliounda malango hayo walilazimika kulijibu swali la haki kwa mbao, kamba na chuma. Neno tupu laweza kutudanganya, lakini kitu kilichoundwa kwa mikono chaweza kutazamwa pande zote, nasi tukaona ni wapi kinapofaa na ni wapi kinapopungukiwa.

Jambo hili si geni. Wayunani wa kale walikuwa nalo. Karibu na Korintho, mji ambao Mtume Paulo aliwaandikia watu wake juu ya wapigao mbio, palikuwa na uwanja wa Isthmia, na wachimbaji wa mambo ya kale wameufunua mpango wake wa kuanzia: sakafu ya mawe iliyochongwa mifereji myembamba, ambamo kamba zilipita kutoka kwa mwanzishaji mpaka kwenye vizuizi vya wakimbiaji. Mwanzishaji alisimama ndani ya shimo dogo, akiwa ameshika kamba hizo zote. Alipoziachilia, vizuizi vilianguka, na njia ikawa wazi kwa wote.

Ajabu zaidi ni lango la magari ya farasi la Olimpia, lililobuniwa na Cleoetas. Habari zake twazipata kwa Pausanias, msafiri wa karne ya pili baada ya Kristo. Anasema lilikuwa na umbo la omo ya merikebu, ncha yake ikielekea uwanjani, na kila upande wake ulizidi futi 400. Vyumba vya farasi viligawanywa kwa kura, na kila chumba kilizuiwa kwa kamba. Wakati ulipofika, tai wa shaba aliinuka juu ya madhabahu, na pomboo wa shaba akashuka. Lakini kamba hazikufunguliwa zote pamoja. Zilifunguliwa kwanza zile za nyuma kabisa, huku na huku. Farasi wa nyuma walipowafikia wenzao wa chumba cha pili, kamba za hao nazo zikafunguliwa. Ikawa hivyo mpaka wote walipokuwa sawa kwenye ncha ya omo. Ndipo mbio zenyewe zilipoanza.

Warumi nao, katika uwanja wao mkubwa ulioitwa Circus Maximus, walijenga vyumba 12 vya kuanzia. Waliviita kwa neno ambalo katika lugha yao lina maana ya gereza, na kwa kweli farasi walikuwa kama wafungwa humo, wakingoja kitambaa cheupe cha mkuu wa michezo kianguke. Vyumba hivyo havikupangwa katika mstari ulionyoka. Vilipangwa kwa upinde, ili kila gari liwe na mwendo uliokaribia kuwa sawa mpaka mahali pale magari yalipoingia katika njia moja.

Basi hapa twapata funzo la kwanza. Watu hao wa kale walijua ya kuwa kuanza sawa si lazima kuwe kuanza mahali pamoja, wala saa moja. Aliyewekwa nyuma aliachiliwa mapema. Aliyewekwa pembeni alisogezwa. Kama wangewapanga wote katika mstari mmoja ulionyoka na kuwafungulia kwa pamoja, mtazamaji mvivu angesema, Tazama, wote ni sawa. Kumbe wa pembeni angekuwa amekwisha kupunjwa kabla hajainua mguu. Usawa wa macho si usawa wa kweli sikuzote.

Tuje sasa katika nyakati zilizo karibu nasi. Kwa miaka mingi mbio za farasi zilianzishwa kwa bendera tu. Wapanda farasi walijikusanya nyuma ya mstari, na mwanzishaji aliitupa bendera chini alipoona wako sawa. Lakini ni nani awezaye kuwasawazisha farasi ishirini wenye damu moto? Huyu alijongea hatua moja, yule akajongea mbili. Aliyekuwa mwerevu alimchunguza mwanzishaji uso wake, akaondoka kabla ya bendera. Mara nyingi waliitwa kurudi, farasi wakachoka, na ugomvi ukazuka.

Mwaka 1894, katika uwanja wa Canterbury Park karibu na Sydney, nchi ya Australia, kilitumika kizuizi cha nyuzi alichokibuni Alexander Gray, ambacho kiliruka juu ghafula mbele ya farasi. Baadaye vikaja vizimba, kila farasi na kizimba chake. Mwaka 1939 Clay Puett, aliyekuwa zamani mpanda farasi na kisha mwanzishaji, alileta lango lake la umeme huko Vancouver, nchi ya Kanada. Katika lango hilo milango imeshikwa na sumaku ya umeme. Mwanzishaji abonyezapo kitufe, nguvu ya umeme hukatika, na milango yote hufunguka pamoja kwa nguvu ya springi. Uingereza ilichelewa, huko vizimba vilianza kutumika mwaka 1965, na katika mbio mashuhuri za Derby mwaka 1967.

Yafaa tuulize, kwa nini watu waligharimia chuma hicho chote? Je, ni kwa kuwa wapanda farasi wote walikuwa wezi? La. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida kama sisi. Lakini kila mmoja aliwaza moyoni, Mimi nikikaa kimya, mwenzangu ataondoka. Basi hata yule asiyependa kuiba mwanzo aliuiba, ili asiibiwe. Hivi ndivyo uovu mwingi unavyoingia kati ya watu: si kwa kuupenda uovu, bali kwa kuogopa uovu wa jirani. Mchuuzi hupunguza kipimo chake kwa kuwa adhani wengine wamekwisha kupunguza vyao. Lango liliondoa hofu hiyo. Lilimfungia mjanja, na kwa kumfungia mjanja lilimfungua mnyofu, ambaye sasa aliweza kutulia pasipo kupata hasara kwa utulivu wake.

Mtu aweza kutupinga akisema, Huo si wema hata kidogo. Farasi aliyefungiwa hakutii; amezuiwa tu. Tena mtu asiyeiba kwa sababu sanduku lina kufuli hatumwiti mwaminifu. Neno hilo ni kweli, nasi twalikubali. Kufuli haimgeuzi mtu moyo. Lakini hatukusema ya kwamba lango laumba wema. Twasema lautunza mahali pa wema. Penye wizi wa wazi mnyofu hushindwa kila siku, na watoto wakimwona ameshindwa kila siku hujifunza ya kuwa unyofu ni ujinga. Sheria njema haiwezi kuwafanya watu kuwa wema, bali yaweza kuzuia wema usiwe mzigo usiochukulika.

Tukitaka kuona namna nyingine ya haki, twende kwenye milima ya theluji. Katika mchezo wa skii watu hujifunga mbao mbili ndefu miguuni na kuteremka mlimani kwa kasi ya kutisha. Katika mbio zile za kuteremka hawaanzi pamoja. Kila mmoja hutoka peke yake katika kibanda cha kuanzia kilicho juu mlimani. Mbele yake pana ufito mwembamba kwenye usawa wa muundi wa mguu wake. Ausukumapo ufito huo kwa mguu, ndipo saa yake inapoanza kuhesabu. Katika mbio za kuteremka moja kwa moja huruhusiwa kutoka tangu sekunde 5 kabla ya saa yake iliyoamriwa hata sekunde 5 baada yake. Atokaye nje ya mpaka huo huondolewa katika shindano. Ndani ya mpaka huo haibi chochote akiwahi, wala hapotezi chochote akichelewa, kwa maana saa yamngoja yeye.

Tazameni tofauti. Lango la farasi lasema, Wote kwa wakati mmoja. Lango la theluji lasema, Kila mtu kwa wakati wake, lakini wote kwa kipimo kimoja. Tarehe 12 Februari 2014, katika michezo ya Olimpia iliyofanyika Sochi, nchi ya Urusi, Dominique Gisin wa Uswisi aliteremka kwanza, na Tina Maze wa Slovenia akateremka baadaye. Hawakuonana njiani. Kila mmoja alitumia dakika 1 na sekunde 41.57, wala saa haikuona tofauti kati yao. Basi wote wawili walipewa nishani ya dhahabu. Hapo haki haikutaka waanze pamoja. Ilitaka kipimo kisichojua jina la mtu wala nchi yake.

Namna hizi mbili twazihitaji sote maishani. Baba agawaye urithi kwa watoto wake siku moja ni kama mwenye lango la farasi: asimfungulie mmoja kizimba usiku, wenzake wakiwa wamelala. Lakini mwalimu awapimaye wanafunzi waliokuja shuleni kwa nyakati mbalimbali ni kama mwenye lango la theluji: hawezi kuwarudisha wote katika siku moja ya kuanza, bali aweza kuwa na saa moja isiyopendelea. Atumiaye njia moja mahali panapotaka nyingine hukosa haki, hata kama nia yake ni njema.

Lakini sasa twafika penye ugumu. Je, lango likiisha kufunguka sawasawa, haki imekamilika? Hapana, na wenye michezo hiyo wenyewe wajua. Katika uwanja wenye kona, farasi wa kizimba kilicho karibu na ukingo wa ndani ana njia fupi kuliko wa nje. Huko Chester, Uingereza, ambako uwanja ni mdogo na kona zake ni kali, jambo hilo lajulikana sana. Na juu ya theluji, watangulizi huipata njia laini, bali waliochelewa huikuta imechimbwa mifereji na mbao za wenzao. Mlango ni mmoja, lakini njia si moja.

Kwa shida hiyo watu wamepata dawa tatu, na kila dawa ina wazo lake juu ya haki. Ya kwanza ni kura. Kura haimpi kila mtu mahali sawa. Inahakikisha tu ya kuwa hakuna mkono wa mtu uliomweka mwenziwe mahali pabaya. Aliyepata kizimba kibaya kwa kura amepata bahati mbaya, lakini hakudharauliwa. Kuna tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili, nayo huonekana katika moyo wa aliyeshindwa.

Dawa ya pili ni kupindua. Katika shindano la slalomu watu huteremka mara mbili. Mara ya pili, wale 30 waliotangulia katika mteremko wa kwanza hupangwa kinyume: aliyekuwa wa thelathini hutoka wa kwanza juu ya theluji iliyo safi, na aliyeongoza hutoka wa mwisho wa kundi hilo. Aliye mbele hazuiwi kushinda, ila huambiwa authibitishe ushindi wake katika njia iliyoharibika.

Dawa ya tatu ni uzito. Katika mbio nyingi za farasi, kama zile za Grand National za Uingereza, farasi aliyejulikana kuwa na nguvu huongezewa mzigo wa risasi katika tandiko, ili walio dhaifu wapate nafasi. Wengine huuliza kama ni haki kumtwika mwenye nguvu kwa sababu ya nguvu zake. Twajibu kwamba yategemea shindano ni la nini. Kama twataka kujua ni nani aliye hodari kupita wote, uzito huo waficha jibu. Kama twataka kila mmoja awe na sababu ya kujitahidi mpaka mwisho, uzito huo ni wa haki. Wahenga walisema, Dau la mnyonge haliendi joshi. Wenye kutunga sheria ya uzito wamekataa kuliacha neno hilo liwe hukumu ya milele.

Hata hivyo dawa hizi hazifiki kila mahali. Katika mteremko wa kwanza wa theluji, wenye daraja ya juu ndio watoliwao kura katika makundi ya mbele, na wengine hufuata kwa kadiri ya daraja zao. Yaani aliyekwisha kuwa bora hupewa theluji bora. Mwaka 2018, huko Pyeongchang katika Korea ya Kusini, Sabrina Simader, aliyezaliwa pwani ya Kenya na kulelewa Austria, alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika michezo ya Olimpia ya majira ya baridi. Saa iliyompima ilikuwa ileile iliyowapima mabinti wa nchi za theluji. Lakini nyuma ya wengi wa hao palikuwa na walimu, fedha na vyama vikubwa vilivyojengwa kwa miaka mingi; na nyuma ya bendera ya Kenya hapakuwa na mlima hata mmoja wenye shule ya mchezo huo. Lango halikumdhulumu. Ila lango halikuweza kusema neno lolote juu ya njia iliyomfikisha pale. Nasi tukiwahukumu watu, na tukumbuke ya kuwa lango huanza kuhesabu langoni tu.

Limebaki neno moja, nalo ni zito. Itakuwaje mwanzo wenyewe ukiharibika? Kuna mithali isemayo, Asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni mithali njema, lakini ina sharti lililofichwa ndani yake, kwamba shindano liwe limeanza kwa haki. Tarehe 3 Aprili 1993, huko Aintree karibu na Liverpool, mbio za Grand National ziliharibika mwanzoni. Mbio hizo hazikutumia vizimba, bali utepe uliotandwa mbele ya farasi 39. Mara ya kwanza walirudishwa. Mara ya pili utepe ulimnasa mpanda farasi mmoja shingoni, na mwanzishaji akataka kuwarudisha tena, lakini bendera yake haikukunjuka. Wapanda farasi 30 hawakuona ishara, wakaendelea, 9 wakabaki. Farasi aitwaye Esha Ness, aliyepandwa na John White, alifika wa kwanza baada ya maili nne na zaidi. Waamuzi wakazibatilisha mbio zote, wala hazikurudiwa mwaka ule.

Je, John White alikuwa amekosa nini? Hakuiba mwanzo. Alimpanda farasi wake kwa uhodari, akaruka kila ua, akafika mbele ya wote. Lakini ushindi wake ulikuwa si kitu, kwa maana wale tisa walikuwa bado wamesimama nyuma. Twaona uchungu wake, na hata hivyo twasema waamuzi walitenda vema. Ushindi si mali ya mshindi peke yake. Ni neno ambalo washindani wote wamelitia sahihi, na hao tisa hawakuwa wametia yao. Tena twamtaja Jenny Pitman, aliyemfunza Esha Ness. Wakati farasi wake alipokuwa angali anakimbia, naye angeweza kunyamaza na kungoja heshima, yeye aliwasihi wakuu wazisimamishe mbio, kwa kuwa hakutaka kushinda kwa namna ile. Utepe ulikuwa umemshinda mwanzishaji, na bendera haikufunguka. Lakini katika moyo wa mwanamke huyo lango lilikuwa lingali zima.

Basi tujibu swali letu. Kuanza sawasawa hakutoshi kuwa haki yote, lakini pasipo hilo hakuna haki inayoweza kufuata. Aliyewekwa mlinzi wa lango, awe mzazi, mzee wa ukoo, mwalimu au mtunza fedha wa chama, ana deni la kwanza: afungue kwa wote, na kipimo chake kisijue majina. Ana na deni la pili: asiseme, Nimewafungulia wote, shauri lao, bali atazame na njia, ni nani aliyepewa ukingo mbaya, ni nani aendaye katika mifereji ya wenzake, na ni nani asiyefika langoni kabisa. Naye akimbiaye ana deni lake: akigundua ya kuwa wengine wameachwa nyuma kwa kosa la bendera, asiseme, Mimi sikuitupa bendera, bali arudi mstarini.

Ni vigumu kurudi ukiwa mbele. Kila hatua tuliyoitangulia hutuambia ya kuwa ni yetu kwa haki. Kwa hiyo yafaa tujizoeze katika mambo madogo: katika kugawa chakula, katika foleni ya kisima, katika zamu ya kusema barazani. Aliyezoea kurudi hatua moja ataweza kurudi maili nne.